Jinsi ya kuchagua monita ya gemu inayoendana na kadi ya daraja la kati

Ukishapata kadi ya michoro ya daraja la kati, kishawishi cha kwanza ni kwenda dukani na kuulizia monita yenye hezi nyingi (mara inazobadilisha picha kwa sekunde) kuliko zote kwa pesa uliyonayo. Huko ni kuanzia mwisho. Kadi ndiyo inayochora picha, yaani fremu, monita inazionyesha tu. Monita ya 240 Hz ikiletewa fremu 70 kwa sekunde itakuonyesha fremu 70, na hezi nyingine ulizozilipia zitakaa bure. Ukigeukia upande wa pili ukachukua 4K, yaani skrini yenye nukta (pikseli) nyingi sana, kadi ileile italazimika kuchora pikseli mara nne ya zile za skrini ya kawaida ya 1080p, na gemu iliyokuwa inateleza itaanza kukwamakwama mbele ya macho yako.

Mfano wangu humu ni RTX 3060 ya NVIDIA yenye kumbukumbu ya GB 12. Ilitoka Februari 2021, imejaa kwenye soko la mtumba, na kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa kadi zenye watumiaji wengi kabisa kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Nitakayoyasema yanazihusu pia RX 6600, RX 6600 XT na RX 7600 za AMD, RTX 4060 ya NVIDIA na Arc B580 ya Intel. Zinapishana nguvu, lakini zote ziko katika kundi ambalo monita isiyofaa inaweza kulipotezea thamani. Mwenye GTX 1660 Super au RX 580 naye asome, ila ashuke ngazi moja katika kila pendekezo.

Hatua ya 1: Pima kadi yako kabla ya kutazama bei ya monita yoyote

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Usitegemee video ya mtu mwingine peke yake. Yeye huenda ana prosesa mpya na RAM ya kasi, nawe una i5 ya kizazi cha nane iliyotoka ofisini. Kadi ni moja, matokeo ni mawili tofauti.

Andika gemu tatu au nne unazozicheza kweli. Si zile unazotamani kuzicheza siku moja, bali zile unazozifungua kila jioni. Kisha washa kihesabu cha fremu. Steam inacho ndani ya mipangilio yake, kwenye sehemu ya gemu. Ukiwa na NVIDIA, bonyeza Alt na R baada ya kusakinisha programu yao. Wanaotaka maelezo mengi zaidi hutumia MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, ambayo inakuonyesha pia asilimia ya matumizi ya kadi na ya prosesa.

Cheza kama kawaida kwa robo saa, kwenye sehemu yenye vurugu: mapigano, mji wenye watu wengi, mvua, milipuko. Usiandike namba ya juu uliyoiona ukiwa umesimama unatazama ukuta. Andika ile ambayo gemu inashuka mara kwa mara, maana hiyo ndiyo utakayoihisi mkononi.

Angalia na asilimia ya kadi. Ikiwa inakaa 95 hadi 99, kadi inafanya kazi yote iliyo nayo na yenyewe ndiyo ukomo. Ikiwa inazunguka kwenye 60 huku fremu hazipandi, prosesa ndiyo inayokuchelewesha, na monita yenye hezi nyingi haitakusaidia hadi uibadilishe. Katika hali hiyo ya pili kuna jambo zuri kidogo: ukipandisha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, kadi ina nafasi ya kubeba mzigo huo bila fremu kushuka sana. Kwa mtu mwenye prosesa ya zamani, monita ya 1440p huwa na maana kuliko ya 1080p yenye 240 Hz.

Sasa lipo jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Unaweza kujaribu 1440p nyumbani kabla hujainunua, kwa kutumia monita yako ya sasa ya 1080p. NVIDIA wana kitu kinaitwa DSR. Fungua NVIDIA Control Panel, nenda kwenye mipangilio ya 3D, tafuta DSR Factors, weka alama kwenye 1.78x. Ukirudi ndani ya gemu utaona 2560×1440 imeongezeka kwenye orodha ya rezolusheni. Ichague, cheza, soma fremu. Kadi itakuwa inachora 1440p kweli, halafu picha inapunguzwa iingie kwenye monita yako. Kwa AMD kitu kama hicho kinaitwa Virtual Super Resolution na kipo kwenye programu yao ya Adrenalin. Kupunguza huko kuna gharama ndogo, kwa hiyo fremu utakazoziona ziko chini kidogo ya zile utakazozipata kwenye monita halisi ya 1440p.

Dakika thelathini za jaribio hili zina faida kuliko wiki nzima ya kusoma maoni ya watu.

Hatua ya 2: Chagua rezolusheni, na uichague pamoja na inchi

Tuanze na hesabu. 1920×1080 ni pikseli 2,073,600. 2560×1440 ni pikseli 3,686,400, yaani karibu mara 1.8. 3840×2160, ile 4K, ni pikseli 8,294,400. Gemu inayokupa fremu 90 kwenye 1080p haitashuka kwa uwiano uleule kamili, kwa sababu si kila kazi ya kadi inategemea idadi ya pikseli, lakini mwelekeo ni huo.

Kwa RTX 3060 na wenzake, naiondoa 4K mezani moja kwa moja. Gemu nyepesi zitacheza, ndiyo, na video zitapendeza. Lakini gemu nzito za hadithi kama Cyberpunk 2077 au Red Dead Redemption 2 zitakulazimisha kushusha mipangilio hadi ujiulize kwa nini ulinunua skrini ya picha safi halafu unaitazamia picha mbovu.

Kinachobaki ni ushindani kati ya 1080p na 1440p, na hapo inchi zinaingia. Macho hayaoni rezolusheni peke yake, yanaona pikseli zimebanana kiasi gani. Monita ya inchi 24 yenye 1080p ina takriban pikseli 92 kwa kila inchi. Ya inchi 27 yenye 1080p inashuka hadi takriban 82, na ukiwa umekaa sentimita 60 au 70 kutoka kwenye skrini, kama wengi wetu kwenye meza ndogo, maandishi yanaanza kuonekana na kingo za chengachenga. Ya inchi 27 yenye 1440p inapanda hadi takriban 109, na huko maandishi yanatulia, picha inapata kina. Ya inchi 32 yenye 1440p inarudi kwenye 92, sawa na ile ya inchi 24 yenye 1080p, ila unahitaji meza pana ili usogee nyuma.

Kwa hiyo 1080p inafaa inchi 24, na 1440p inafaa inchi 27. Muuzaji akikupa inchi 27 au 32 ya 1080p akikwambia "hii kubwa zaidi na bei ileile", jua kwamba ukubwa huo haujaongeza hata pikseli moja.

Mimi nasimama upande wa 1440p kwa mtu mwenye RTX 3060 au zaidi anayecheza mchanganyiko wa gemu, na sababu yangu kubwa ni DLSS na FSR. Teknolojia hizi zinaichora gemu kwa rezolusheni ndogo kisha zinaikuza. Kwenye 1440p, ukichagua kiwango cha Quality, kadi inachora takriban 1706×960 halafu DLSS inajenga picha ya 1440p kutoka hapo. Kwenye 1080p, Quality hiyohiyo inaanzia 1280×720. Malighafi ni kidogo, na majani, nywele na nyaya za umeme za mbali zinaanza kumetameta na kufifia. Yaani kwenye 1440p mzigo wa kadi unakuwa karibu na wa 1080p ya kawaida, lakini macho yanapata picha iliyo bora. DLSS inahitaji kadi ya RTX. FSR hadi toleo la 3 inafanya kazi kwenye kadi za aina nyingi, hata zile za zamani kidogo, ingawa DLSS kwa kawaida inatoa picha iliyotulia zaidi.

Tahadhari moja kwa wenye kadi za GB 8, kama RTX 4060 na RX 7600: gemu mpya kwenye 1440p zinaweza kuijaza kumbukumbu hiyo, na ikijaa utaona kuganda kwa ghafla hata kama wastani wa fremu ni mzuri. Dawa ni kushusha ubora wa textures (picha zinazovikwa nyuso za vitu ndani ya gemu) ngazi moja. RTX 3060 ya GB 12 na Arc B580, ambayo nayo ina GB 12, zina nafasi zaidi hapo.

Na 1080p ya inchi 24? Ni chaguo la heshima kabisa kwa mtu wa Valorant, Counter-Strike 2 au Fortnite ambaye anataka fremu nyingi na hana haja ya mandhari. Mwenye GTX 1660 Super au RX 580 naye abaki hapo.

Hatua ya 3: Hezi ngapi zinatosha

Hezi ni mara ngapi monita inabadilisha picha kwa sekunde moja. Kwenye 60 Hz kila picha inakaa milisekunde 16.7. Kwenye 144 Hz inakaa 6.9. Umeokoa karibu milisekunde 10, na tofauti hiyo hata asiyecheza gemu anaiona akisogeza kipanya tu kwenye skrini. Kutoka 144 hadi 240 Hz unashuka hadi 4.2, yaani umeokoa chini ya milisekunde 3. Mchezaji wa mashindano atazithamini. Kwa wengine wote, pesa hiyo ina kazi bora zaidi kwenye paneli.

Rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza. Ikiwa gemu zako nyingi zinacheza kati ya fremu 60 na 120, monita ya 144, 165 au 180 Hz inakutosha na kubaki. Usihangaike na tofauti kati ya 165 na 180. Chukua yenye paneli nzuri. Ukiona Valorant inakupa fremu 250 bila kushuka na wewe ni mtu wa kushindana, hapo 240 Hz kwenye 1080p ina hoja.

Wapenzi wa Tekken 8 na Street Fighter 6 wajue kwamba mapambano kwenye gemu hizo yamefungwa kwenye fremu 60. Monita ya 144 Hz haitaongeza fremu hizo, ingawa monita ya kasi mara nyingi hupunguza ucheleweshaji kati ya kubonyeza na kuona. Mtu anayecheza hizo tu aweke pesa kwenye ubora wa rangi na asijinyime usingizi kwa ajili ya hezi.

Hatua ya 4: Usawazishaji, sehemu ambayo kadi ya kati inaihitaji kuliko zote

Kadi kubwa inaweza kushikilia fremu 144 muda wote. Kadi ya kati haiwezi. Itakupa 95 ukiwa ndani ya nyumba, 70 ukitoka nje, 52 bomu likilipuka. Monita ya kawaida inabadilisha picha kwa mdundo wake usiobadilika, haijali kadi imemaliza au la. Matokeo yake ni picha kuchanika katikati, nusu ya juu ikiwa ya fremu moja na nusu ya chini ya nyingine. Ukiwasha V-Sync, inayoifanya kadi ifuate mdundo wa monita, kuzuia hilo, unapata kukwama na kuchelewa.

Usawazishaji unaobadilika unaifanya monita iisubiri kadi. Fremu ikiwa tayari, ndipo picha inabadilika. NVIDIA walileta G-Sync mwaka 2013 kwa kifaa maalumu ndani ya monita, na monita hizo zilikuwa ghali. VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini, wakaweka Adaptive-Sync kwenye kiwango cha DisplayPort (tundu la kupitishia picha, kama HDMI) mwaka 2014, AMD wakaijengea FreeSync juu yake, na Januari 2019 NVIDIA wakakubali kadi zao kuanzia GTX 10 zitumie monita hizo za Adaptive-Sync. Leo karibu kila monita ya gemu inayo kwa namna fulani. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: inafanya kazi kuanzia hezi ngapi hadi ngapi?

Monita ya 144 Hz yenye masafa ya 48 hadi 144 ni nzuri. Fremu zikishuka chini ya 48, draiva (programu inayoiendesha kadi) inaweza kuionyesha kila fremu mara mbili: fremu 40 zinakuwa 80 Hz, na ulaini unabaki. Hilo linawezekana kwa sababu 144 ni zaidi ya mara mbili ya 48. Monita yenye masafa ya 48 hadi 75 haina nafasi hiyo, ukishuka chini ya 48 unarudi kwenye kuchanika au kukwama. Ndiyo maana siishauri monita ya 75 Hz kwa mwenye kadi ya kati hata kama ina maandishi ya FreeSync pembeni.

Wenye NVIDIA wana jambo moja la kuliangalia kwa makini zaidi. Monita nyingi za bei nafuu zinatoa FreeSync kupitia HDMI kwa njia ya AMD wenyewe, na kadi ya NVIDIA haiielewi. Kwa NVIDIA hakikisha monita ina DisplayPort, na utumie waya wa DisplayPort. Monita yenye matundu mawili ya HDMI na VGA bila DisplayPort, iache.

Hatua ya 5: Paneli

IPS, VA, TN na OLED ni aina za paneli, yaani kioo kinachoonyesha picha. Mbili za katikati ya soko ni IPS na VA.

IPS ina rangi zinazobaki vilevile ukitazama kwa pembeni, na inabadilisha pikseli kwa kasi ya kutosha. Udhaifu wake ni weusi. Uwiano wa mwanga na giza uko karibu na 1000 kwa 1, kwa hiyo chumba kikiwa na giza, nyeusi inaonekana kama kijivu na pembe zinang'aa kidogo. VA inafika 3000 kwa 1 na kuzidi, nyeusi yake ni nyeusi, filamu zinapendeza. Lakini VA za bei nafuu huchelewa kubadilisha pikseli kutoka giza kwenda giza jepesi, na matokeo yake ni alama nyeusi inayoburutwa nyuma ya kila kinachosogea usiku. Ukicheza gemu ya risasi kwenye ramani yenye giza utaichukia ndani ya siku mbili.

Kwa mchanganyiko wa gemu nachagua IPS. Nikiwa nacheza gemu za hadithi usiku tu, na nimeiona VA husika kwa macho yangu, ningeifikiria. TN imeshapitwa na wakati kwa bei za sasa. OLED ni nzuri kupita zote kwa picha, lakini bei yake mara nyingi inaizidi ya kadi ya kati, na mtu anayetumia monita hiyohiyo kwa kazi saa nane akiwa na upau wa Windows umesimama pale chini ana hatari ya picha kujichora kwenye paneli.

Mwangaza usiupuuze. Vyumba vyetu vina madirisha makubwa na jua la kweli, hasa Pwani. Tafuta niti (kipimo cha mwangaza) 300 au zaidi, na uso usioakisi. Niti 250 kwenye sebule ya saa saba mchana inakuacha ukijitazama mwenyewe kwenye skrini.

Kuhusu HDR, teknolojia ya kuonyesha mwanga mkali na giza nene kwa pamoja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Monita nyingi za bei ya kati zimebandikwa HDR10 au DisplayHDR 400. Ya kwanza mara nyingi inamaanisha tu kwamba monita inaipokea ishara. Ya pili inahakikisha niti 400 za kilele, lakini haidai taa za nyuma zinazopungua sehemu kwa sehemu, na bila hizo HDR haina nguvu ya kuonyesha mwanga mkali kando ya giza nene. Usiongeze pesa kwa ajili ya stika hiyo.

Vivyo hivyo maandishi ya 1 ms, yaani milisekunde moja. Zipo 1 ms za aina mbili. GtG inapima pikseli kubadilika kutoka kijivu kimoja hadi kingine, na kampuni huipima kwa ovadraivu (mpangilio wa kuharakisha pikseli) ya juu kabisa ambayo hakuna anayeitumia kwa sababu inaacha vivuli vyeupe. MPRT inahusu taa ya nyuma kuwashwa na kuzimwa kwa kasi, na mara nyingi ukiiwasha, usawazishaji unazimika na skrini inafifia. Tafuta vipimo vya watu huru, tovuti ya Rtings kwa mfano, usome wanasema nini juu ya vivuli nyuma ya vitu vinavyokimbia.

Hatua ya 6: Matundu na nyaya

HDMI 1.4 haikufikishi kwenye 1440p yenye 144 Hz. HDMI 2.0 inafika 1440p kwa 144 Hz. DisplayPort 1.2 inabeba 1440p hadi 165 Hz, na DisplayPort 1.4, ambayo RTX 3060 inayo, inavuka hapo bila shida. Monita nyingi zenye 165 au 180 Hz zinatoa hezi zote kwenye DisplayPort peke yake, HDMI yake ikiishia 144 au chini ya hapo. Soma maandishi madogo.

Tumia waya uliokuja na monita. Ukikosekana, nunua mfupi, mita moja na nusu au mbili, wenye jina la kampuni inayojulikana. Skrini ikizima kwa sekunde na kurudi ukiwa unacheza, shuku waya kabla ya kushuku kadi.

Kwenye laptop, tundu la HDMI wakati mwingine limeunganishwa na kadi ndogo ya ndani ya prosesa badala ya RTX, na usawazishaji wa G-Sync hautapatikana kupitia hapo. Tafuta maelezo ya modeli yako kabla ya kununua. Kumbuka pia kwamba RTX 3060 ya laptop si ile ya kompyuta ya mezani: ina GB 6, na inaruhusiwa umeme kidogo.

Hatua ya 7: Dukani

Ukifika Kariakoo, au Luthuli Avenue na Moi Avenue kule Nairobi, usimuulize muuzaji "una monita ya gemu?" Atakupa yenye taa nyekundu nyuma. Nenda na modeli mbili au tatu zimeandikwa kwa ukamilifu, herufi na namba zote. Kampuni hutengeneza monita mbili zenye majina yanayotofautiana kwa herufi moja ya mwisho, moja ikiwa IPS na nyingine VA, moja ikiwa na stendi inayopanda na kushuka na nyingine haina. Igeuze monita, soma stika ya nyuma, linganisha na ukurasa wa kampuni kwenye simu yako ukiwa umesimama palepale.

Monita za mtumba kutoka ofisi za Ulaya, zile za ex-UK, nyingi ni Dell na HP za 60 Hz. Nyingine zina IPS nzuri sana na stendi imara, na kwa mtu wa kazi na Tekken ni ununuzi mzuri. Lakini hazina hezi nyingi wala usawazishaji, kwa hiyo usikubali ziitwe za gemu. Hata hivyo monita za gemu za mtumba zipo, na hizi ndizo za kukagua bila haraka:

- Omba iwashwe kwa angalau dakika ishirini. Taa ya nyuma inayocheza mara nyingi hujificha dakika za mwanzo.
- Fungua picha tupu za nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu kwenye skrini nzima. Pikseli iliyokufa itaonekana. Kwenye nyeusi, funika mwanga kwa mkono uangalie kingo. Kwenye nyeupe tafuta madoa ya njano na alama za vidole vilivyobonyeza paneli.
- Kwenye mipangilio ya Windows ya skrini, chagua hezi za juu kabisa na uhakikishe zinashika. Maneno ya muuzaji hayatoshi. Fungua testufo.com uone kwa macho.
- Bonyeza kila kitufe cha menyu.
- Soma adapta ya umeme. Monita nyingi zinatumia adapta ya nje, na ya asili ikipotea watu huweka yoyote inayoingia. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa nyuma ya monita, na ampea za adapta zisiwe chini.

Hata ikiwa mpya kwenye boksi, omba ifunguliwe na kuwashwa mbele yako. Muuzaji mwema hatakasirika. Uliza dhamana ni miezi mingapi, na pikseli ngapi zilizokufa ndipo wanabadilisha, kisha yaandikwe kwenye risiti. Ukiagiza kutoka nje, Dubai au kwingineko, ulizia ushuru na gharama ya kufungasha kabla ya kulipa, kwa sababu paneli ya inchi 27 ikigongwa njiani hakuna fundi atakayeitengeneza kwa bei yenye maana.

Usisahau mashimo ya VESA nyuma, ya kufungia mkono wa monita, 75×75 au 100×100. Stendi nyingi za bei nafuu hazipandi, na mkono wa mezani utakaoununua baadaye unaokoa shingo yako.

Hatua ya 8: Ukifika nyumbani

Chomeka waya kwenye kadi ya michoro, si kwenye tundu la juu la ubao mama. Nimeona kompyuta nzuri zikitumia michoro ya prosesa kwa miezi kwa sababu ya tundu moja.

Windows mara nyingi itaiweka monita mpya kwenye 60 Hz. Nenda Settings, System, Display, kisha Advanced display, upandishe hezi mwenyewe. Halafu ingia kwenye menyu ya monita yenyewe uwashe FreeSync au Adaptive-Sync, kwa sababu mara nyingi inakuja ikiwa imezimwa, kisha uthibitishe kwenye programu ya kadi. Kwa NVIDIA ni ukurasa wa Set up G-SYNC.

Weka ukomo wa fremu chini kidogo ya hezi za monita: 141 kwa monita ya 144, 162 kwa ya 165. Hiyo inazibakiza fremu ndani ya masafa ya usawazishaji. Faida nyingine ni kwamba kadi haichemki bure kwenye menyu za gemu.

Ovadraivu iweke katikati. Ukiona vivuli vyeupe nyuma ya vitu, ishushe. Ukiona vyeusi, ipandishe ngazi moja. Mwangaza wa kiwandani karibu kila mara umezidi kwa usiku. Na kama uliwasha DSR wakati wa jaribio, izime sasa, la sivyo gemu zinaweza kuchagua rezolusheni kubwa kuliko monita na fremu zikashuka bila sababu inayoonekana.

Umeme ukiwa na tabia ya kukatika na kurudi kwa kishindo mtaani kwako, monita iingie kwenye UPS au stabilaiza pamoja na kompyuta. Monita ya inchi 27 ya LED inakula wati chache, kwa kawaida kati ya 25 na 50, haitaielemea UPS. Na boksi pamoja na mapovu yake vihifadhi hadi dhamana iishe, kwa sababu ukilazimika kuirudisha bila hivyo, paneli itavunjika kwenye bodaboda kabla haijamfikia muuzaji.